Mtaa Uliomcheka Fundi

Jirani zangu, na ninyi msio jirani zangu ila mna wake, dada na mabinti, nisikilizeni. Haya ninayowasimulia sikuyaokota njiani. Yametokea nyumba ya pili, ukuta kwa ukuta na kibanda changu cha kusukia nywele, na mengine yalisemwa hapa hapa kwenye kigoda changu.

Alikuwepo fundi cherehani mmoja tuliyemwita Mama Vifungo, kwa sababu hakukosa vifungo viwili vitatu mfukoni. Mtoto wa mtu akipita na shati wazi kifuani, humwita, humsimamisha, na kabla mtoto hajamaliza kulalamika kifungo kimeshakaa. Asubuhi, cherehani yake ndiyo iliyotuamsha. Watoto wake wanne wakinywa chai barazani miguuni pake, na mumewe, ambaye ni seremala, akipita na randa kwapani, humtania:

"Mama watoto, angalia usinishonee kivuli changu kwenye hiyo nguo. Nakihitaji kazini."

"Kipeleke tu, baba watoto," naye hujibu bila kuinua macho. "Ila kirudi pamoja na wewe."

Seremala huyo hakuwa mlevi wala hakuwa mtu wa kupiga. Nalisema hili mapema, maana najua mnapenda hadithi ambazo mume ni chui, ili kila mmoja wenu aseme, "Mimi siko hivyo." Huyu hakuwa chui. Alikuwa kama ninyi.

Tatizo lilianza kwa mtoto wa nne. Mama Vifungo alipata kifafa cha mimba, akadondoka leba, akazinduka hajui jina lake. Mungu akasaidia, akapona yeye na mtoto. Siku ya kuruhusiwa, daktari aliwaweka mbele yake wote wawili.

"Mwili huu umeshatuonya," aliwaambia. "Mimba nyingine inaweza kumchukua, au kumwacha kilema. Pumzikeni. Njia zipo, chagueni."

Seremala aliitikia kwa kichwa. Lakini kichwa kinachoitikia hospitali si lazima kiwe kile kile kinachorudi nyumbani. Nyumbani alimkuta mama yake, na mama yake alicheka.

"Madaktari kazi yao kutisha watu," alisema. "Mimi nimezaa tisa, nani aliniambia nipumzike? Mwanamke akifunga tumbo, mume amekwisha."

Tangu hapo kila Mama Vifungo alipoleta habari ya uzazi wa mpango, mumewe alisema, "Mungu ndiye mpangaji," akaenda zake kunoa patasi. Basi mwanamke akaona maneno hayamsaidii. Akaenda kliniki peke yake. Muuguzi, mama wa makamo mwenye upole, alimweleza yote: vidonge, kijiti, kitanzi, sindano, kila kimoja na uzuri wake na udhia wake. Mama Vifungo akachagua sindano.

"Kwa nini sindano, mwanangu?" muuguzi alimuuliza.

"Vidonge vina pakiti, mama. Kijiti kinapapasika mkononi. Sindano inaisha pale pale, haina cha kuokotwa chini ya godoro."

Hivyo ndivyo mwanamke mtu mzima, mama wa watoto wanne, alivyochagua dawa ya kuokoa maisha yake: kwa kuangalia ipi itafichika. Mnaona uchungu wenyewe unavyoanza.

Ikapita miaka miwili ya amani. Kisha wakaja watafiti kutoka chuo, wakisema wanataka kujua hali ya uzazi kwa wanawake wa mtaa: nani anatumia njia ipi, nani hatumii, na nani huamua nyumbani. Shughuli nzuri, sina neno. Ila walihitaji mwenyeji wa kuwazungusha nyumba kwa nyumba. Wakamchukua wifi yake Mama Vifungo, mdogo wa seremala. Alikuwa amemaliza sekondari, anazungumza vizuri, anajua kila mlango. Wakamfundisha, wakamwapisha kutunza siri za watu.

Sisi mtaani tulimwita Redio. Si kwa sababu ya kuimba.

Wangeuliza hata mtoto wa chekechea angewaambia. Hawakuuliza. Watu waliokuja kuuliza maswali, swali hilo moja likawapita.

Siku ya zamu ya Mama Vifungo, mtafiti, binti mdogo mwenye kishikwambi mkononi, alimwomba Redio awapishe. Redio akatoka kwa mlango wa mbele, huku anatabasamu. Akazunguka uani. Akakaa chini ya dirisha la chumba, akajifanya anachambua mchele.

Mama Vifungo mwenyewe alinisimulia yaliyosemwa ndani, jioni ile ile, nikimsuka. Alikuwa mwepesi siku hiyo, kama aliyetua mzigo.

"Shoga, aliniuliza nani anaamua mambo nyumbani kwangu. Nikamwambia mimi naamua rangi ya uzi. Akacheka, nami nikacheka. Halafu akaniuliza mimi ninataka nini. Mimi! Tangu nizaliwe, nani aliwahi kuniuliza hivyo? Nikajikuta nasema tu. Nikamwambia sindano, nikamwambia kifafa, nikamwambia mume wangu hajui."

"Alisemaje?"

"Alisema hayo yatabaki kati yangu na yeye. Hata jina langu hatalitaja."

Jina halikuhitajika. Kabla ya wiki kuisha Redio alikaa kwenye kigoda hiki, nywele nusu zimesukwa, wanawake watatu wakisubiri zamu zao, akaanza: "Kuna mtu hapa jirani, simtaji, anawashonea watu nguo na anajishonea tumbo…"

Wakaangua kicheko. Nilimvuta msuko mpaka akapiga kelele. "Wewe, shika ulimi wako! Huyo ni wifi yako, na kiapo umekula."

"Jamani, si nimesema simtaji?"

"Na mama yako, hujamtajia?"

Akajitia kutafuta kitana. Kumbe bibi, yule mama mkwe, alikuwa ameshajua siku mbili nyuma, na alikuwa akitafuta tu saa ya kumwambia mwanawe. Hakuwahi kuipata, maana mtaa ulimtangulia. Habari ilifika karakana kabla ya chai ya saa nne. Maseremala wenzake walimpokea kwa vicheko. Mmoja akachukua msumari, akamchoma nao mkononi kwa mzaha, akasema, "Tulia bwana, hii ni ya miezi mitatu." Mwingine akasema afadhali yeye anayeongozwa na mke kuliko huyu anayeongozwa na sindano.

Naam, mlicheka. Nawatazama usoni ninaposema. Wengine wenu mlicheka ilhali wake zenu wako kwenye foleni ile ile ya kliniki, na mnajua.

Mchana ule seremala alirudi na randa mkononi, hata hakukumbuka kuiacha. Ukuta wetu ni mwembamba, nami sikuziba masikio.

"Nimeambiwa habari za nyumba yangu na watu wa barabarani," alisema. Sauti yake ilikuwa ya chini, na hiyo ndiyo iliyonitisha.

"Baba watoto, daktari alisema mbele yako. Ulikuwepo."

"Daktari hakuniolea mke!"

"Nilikuomba mara ngapi tuzungumze?"

"Umenifanya kichekesho! Miaka miwili nadhani Mungu amenyima, kumbe ni wewe!"

Bibi akadakia, "Nilisema mimi. Tumbo halinyamazi bure."

"Mama, nilikuwa nakufa," Mama Vifungo alisema. "Ulinishika mguu wewe mwenyewe nikitetemeka. Umesahau?"

Seremala ndiye aliyetoa hukumu: aache sindano, au aondoke na watoto wabaki. Mama Vifungo akaondoka kweli, akaenda kwa kaka yake mkubwa, kwa kuwa wazazi wake wamekwisha kufa. Kaka alimsikiliza mpaka mwisho, akamwonea huruma, akamnunulia soda, kisha akamwambia, "Rudi kwa mumeo, dada. Mambo haya humalizwa chumbani." Akarudi. Mtoto wa mwisho alikuwa na homa, akimlilia. Sindano iliyofuata hakwenda kuchomwa.

Muuguzi yule wa kliniki hakukata tamaa. Alimwita seremala aje wazungumze. Akajibu kwamba yeye hana mimba, aende kliniki kufanya nini?

Mimba ilipoingia, nyumba ilijaa furaha isiyokuwa na mwenyewe. Bibi alitabasamu, seremala akaanza kuranda mbao za kitanda kidogo, na kule karakana walimpigia makofi. Mama Vifungo alishona kama kawaida, ila sikumsikia tena akitania. Mwezi wa saba miguu ilimvimba, viatu vikakataa. Akasema anaona nyota mchana.

"Twende hospitali," nilimwambia.

"Nimemwambia baba watoto. Amesema Ijumaa, akimaliza milango ya mteja."

"Ijumaa ni mbali."

"Bibi anasema mimba ni kuvimba."

Jumatano, saa ya adhuhuri, cherehani ilinyamaza katikati ya mshono. Nilitoka nikamkuta sakafuni, macho yamegeuka, mwili unarukaruka, povu mdomoni, na binti yake mkubwa amemshika kichwa kisigonge mguu wa meza. Nilipiga yowe. Tulimbeba kwenye gari la muuza mkaa, mimi na bibi tumekaa pembeni yake. Bibi alikuwa akisema "Mwanangu, mwanangu," neno ambalo sikuwahi kumsikia akimwita nalo alipokuwa mzima.

Walimpasua. Mtoto alitoka hana pumzi. Mama alibaki hai, lakini mshipa ulikuwa umepasuka kichwani, na upande wote wa kulia ukafa: mguu, nusu ya mdomo, na mkono wa mkasi.

Seremala alizichukua zile mbao alizokuwa akitengenezea kitanda, akatengenezea jeneza. Alilitengeneza mwenyewe, akakataa kusaidiwa, akaliranda mpaka likawa laini kama shavu. Wenzake wa karakana walisimama kando, hakuna aliyekuwa na mzaha. Alilia sana siku ile. Sisemi kwamba hakumpenda.

Ila majuto ya mtu yana urefu wake. Mwaka haujageuka, akaanza kusema nyumba haiwezi kukaa bila mwanamke, kana kwamba aliyelala mle ndani alikuwa samani. Akaoa karani wa duka la vifaa vya ujenzi, msichana msomi, mwenye msimamo. Tulisikia kwamba kabla ya ndoa alimwambia wazi: "Nitazaa, lakini kwa mpango, na kliniki tutakwenda wote. Hutaki, sema sasa." Akataka.

Nilimwona kwa macho yangu, nilipompeleka binti yangu kuchanjisha mtoto. Seremala ameketi kwenye benchi la wanawake, kofia juu ya magoti, anamsubiri mkewe mdogo atoke kuwekewa kijiti. Nilisimama mbele yake.

"Kumbe njia ya kuja hapa unaijua?"

Aliitazama sakafu. "Zama zimebadilika, jirani."

"Zimebadilika lini? Tangu Jumatano ile, au tangu hii ndoa?"

Akaigeuza kofia magotini, na muuguzi wetu, aliyekuwa mlangoni, aligeuka akaingia ndani ili tusimwone macho.

Nilikwenda kumweleza Mama Vifungo, sikutaka ayasikie kwa wengine. Nilimkuta Redio akimlisha uji kwa kijiko. Siku hizi ndiye anayemwosha na kumgeuza. Chuo walimwachisha kazi walipopata habari, wakaandika barua ya pole, wakaenda mtaa mwingine. Huwa analia anapomwosha, akisema, "Wifi, sikukusudia," na mwenzake humtazama tu. Nilipomaliza kueleza, Mama Vifungo alikisukuma kijiko kando kwa mkono wa kushoto. Maneno yanamtoka kwa shida, yamevunjikavunjika, inabidi uyangoje.

"Mzuri," alisema. "Yule… msichana… atapona."

Kisha uso ukamkunjamana, ule upande ulio hai, akaongeza neno ambalo Redio alijifanya hakulisikia:

"Na mimi… kosa langu… lilikuwa nini?"

MAFUNZO

Mnataka mafunzo, haya. Mwili wa mwanamke ukionya, mwenye kuambiwa ni mume na mke, na wote wawili wasikie. Mume anayemnyima mkewe njia ya kupumzisha uzazi baada ya daktari kusema, asije baadaye akasema ni kazi ya Mungu. Mama mkwe uliyezaa tisa ukapona, kupona kwako ni bahati yako, usiifanye sheria ya mwenzako.

Nanyi mnaokuja kutuuliza mambo ya ndani: swali ni zuri, lakini mwanamke akikufungulia mdomo amekukabidhi shingo yake. Angalieni kwanza nani yuko dirishani, na nani mmempa funguo za milango yetu.

Mwenye kuapa siri asiitoe, hata kwa kusema "simtaji". Na sisi wa mtaa, tusijivue lawama. Seremala aliyastahimili maneno ya mama yake miaka miwili bila kumfukuza mkewe. Alichoshindwa kukistahimili ni kicheko chetu. Mama Vifungo hakuangushwa na mtu mmoja. Tulimwangusha tukicheka, kisha tukachangishana nauli ya kwenda kumpa pole.

Binti yake mkubwa sasa ameacha shule. Ndiye anayekaa kwenye ile cherehani. Mkipeleka nguo zenu, mwangalieni usoni kwanza.