Bolti Zilizopakwa Rangi Mpaka Shingoni

Miaka ile miwa ilipopamba moto kwetu Kabras, tulichoka sote. Trakta zilinguruma barabarani tangu alfajiri. Miwa ilipandwa mpaka karibu na mlango. Mimi, Nanjala, nilipalilia, nikapika, nikalala. Nikiamka, ni jembe tena. Mume wangu Osundwa alichoka pia, lakini yeye alikuwa na cha kumpoza moyo: gari. Ilikuwa Volkswagen kuukuu, mgongo kama kobe.

Gari hilo hatukulinunua kwa maringo. Binti yetu Khalayi alipokuwa na mimba ya kwanza, uchungu ulimshika mbali na hospitali. Walimbeba kwa baiskeli. Mtoto akafa njiani. Sasa Khalayi alikuwa na mimba ya pili, na mwezi wake ulikuwa Desemba.

"Huyu hatabebwa kwa baiskeli," Osundwa aliapa.

Desemba ndio mwezi wetu wa kusiriba nyumba. Tunachanganya udongo na mavi ya ng'ombe, ili Krismasi ikute kuta zinapendeza. Siku hiyo nilikuwa ukutani, mikono imejaa udongo, kiuno kinaniuma. Osundwa akaniita.

"Mama Khalayi, njoo uone! Gari pia nimeisiriba!"

Nilienda najikokota. Alikuwa amefungua bolti za magurudumu, zile za kushika gurudumu kwenye gari. Zilikuwa na kutu. Basi akazichovya nzima nzima katika mkebe wa rangi ya fedha, ile iliyobaki tulipopaka mabati ya kanisa. Bolti moja ilikuwa imepotea zamani. Aliokota nyingine kwenye vyuma chakavu vya jirani.

"Hii ni ya gari gani?" nikauliza.

"Si imeingia? Bolti ni bolti."

Ziling'aa, sitasema uongo. Nikarudi kwa udongo wangu.

Jumapili tulienda kanisani. Wakati wa kurudi, karibu na josho la ng'ombe, gari likaanza kulia: kwa-kwa-kwa! Usukani ukatetemeka. Osundwa akasimama. Nilishuka, nikashika bolti ya gurudumu la mbele kwa vidole. Ikazunguka kama kifuniko cha chupa.

"Baba Khalayi," nikasema, "humu ndimo ungemweka mtoto wangu?"

Alichukua spana. Alizikaza, tukarudi mwendo wa jongoo. Nilikuwa na hasira, na nilikuwa nimechoka hata kuwa na hasira.

Kesho yake alimwita mkwe wetu Shikanga, mume wa Khalayi. Shikanga ni fundi wa malori ya miwa. Lakini kwetu, mama mkwe na mkwe hawatazamani wala hawasemezani ovyo. Ndiyo heshima. Alipofika, nilienda nyuma ya ghala la mahindi, nikakaa juu ya kinu, nikawapa mgongo.

"Baba," Shikanga akasema, "nitasema kwa nguvu, hata kuku walio nyuma ya ghala wasikie."

Kuku hao walikuwa mimi. Nikacheka kimya kimya.

"Ona bolti ya gari yako," akaendelea. "Hapa chini ya kichwa ni shingo. Imeviringana kama yai. Rimu nayo ina kibakuli cha kupokea hilo yai. Sasa hii uliyookota, shingo yake ni kama faneli. Inagusa kibakuli pembeni tu."

"Lakini iliingia!"

"Kuingia si kukaa, Baba. Ukienda kununua bolti, beba ile nzuri ya gari yako. Linganisha shingo, unene, meno na urefu. Bolti fupi inashika meno machache. Ndefu sana inaweza kugusa vyuma vya breki huko ndani. Ukiifunga, izunguke kwa vidole bila shida. Ikikataa, usilazimishe."

"Na rangi je? Mimi nilitaka kuzuia kutu."

"Rangi si mbaya, ni mahali uliiweka. Rangi ikiwa shingoni, chuma haishiki chuma. Gari ikitembea, rangi inapondeka, inatoka, bolti inalegea."

Osundwa akaleta mkebe. Walizilowesha bolti katika mafuta ya taa, kisha wakazisugua kwa brashi ya waya, shingo na meno, mpaka chuma kikaonekana. Wakazipangusa mpaka zikakauka. Moja ilikuwa na meno yaliyolika.

"Hii ni ya kutupa, hata uipake dhahabu," Shikanga akasema.

Alipapasa matundu ya rimu. Bado yalikuwa mviringo. "Mna bahati. Yangepanuka, hata rimu tungetupa."

Osundwa alienda Kakamega mjini na bolti moja nzuri mfukoni. Alirudi na mbili zinazofanana nayo, shingo ya yai. Wakatoboa boksi la sabuni, wakachomeka bolti, vichwa tu vikabaki juu. Vichwa ndivyo walivyopaka rangi, kidogo tu, vikaachwa vikauke.

"Meno na shingo, hakuna rangi, hakuna grisi," Shikanga akasema. "Sasa kufunga. Kwanza kwa vidole, zote nne. Halafu spana, na uvuke: ya juu, ya chini, ya kushoto, ya kulia. Usizunguke kwa kufuata. Gari ikishuka kwa jeki, kaza kabisa, kwa mkono. Usisimame juu ya spana. Siku ukipita garaji, nitazipima kwa spana yenye kipimo. Na gari ikishatembea kidogo, kaza tena. Hiyo ya mwisho watu wanasahaunga. Kuku wamesikia?"

Kuku walinyamaza, lakini walisikia.

Ijumaa Osundwa alipeleka mahindi kwa gari kusagwa. Jumamosi asubuhi Shikanga akafika kwa baiskeli, jasho linamtoka.

"Baba, uchungu umeanza!"

Osundwa akarukia usukani. Mimi nilikuwa nimeshachukua spana.

"Mama Khalayi, toka njiani!"

"Tangu utoke kusaga, umekaza tena?"

"Hakuna wakati!"

"Hata ile mara ya baiskeli hakukuwa na wakati."

Akashuka garini. Shikanga akageukia miwa, akanipa mgongo. Nilipiga magoti kwenye vumbi. Gurudumu la mbele, bolti ya chini, spana ikasogea. Ilisogea kidogo tu, lakini ilisogea. Nikaikaza. Nikavuka: juu, chini, kushoto, kulia. Magurudumu yote.

"Haya, endeni."

Walienda kumchukua Khalayi kwake, wampeleke hospitali. Sikuweza kusiriba, sikuweza kupika. Nilikaa uani na spana mapajani, nasikiliza barabara. Kila trakta iliyopita ilinishtua.

Jua lilipokuwa linashuka, nikalisikia gari letu. Lilinguruma tu. Hakukuwa na kwa-kwa-kwa.

Osundwa alishuka peke yake. Macho yalikuwa mekundu.

"Sema basi!"

"Ni msichana. Analia hospitali nzima inasikia. Khalayi ni mzima."

Nikaiweka spana chini.

"Mkwe wako anamshukuru aliyekumbuka kukaza," akasema. "Nikamwambia ni kuku."

Nililia palepale uani kama mtoto. Kisha nikajifuta, nikaenda kusonga obusuma, ugali wetu, maana tangu asubuhi hakuna aliyekuwa amekula.