Paa la Filomena na Mti wa Dermot

Kila Alhamisi baada ya chakula cha mchana, wanafunzi wa Mwalimu Abramowitz, mjini Cambridge, Massachusetts, waligombania kompyuta mbili zilizokuwa nyuma ya darasa. Waliandika amri kwa Logo, lugha ya kompyuta ya ukoo wa lugha iitwayo Lisp, na kobe mdogo kwenye skrini akatembea huku akichora mistari.

Siku hiyo wazazi walikuwa wamealikwa kuja kutazama. Filomena Medeiros alikuwa ameandika programu iitwayo NYUMBA, na rafiki yake Dermot ameandika MTI. Kila moja ilijaribiwa peke yake ikafanya kazi vizuri. Walipoziunganisha, kobe alichora kuta, akachora mti pembeni, kisha akarudi kuezeka. Lo! Paa likatoka dogo, kama kofia ya mtoto mchanga kwenye kichwa cha babu. Darasa zima likaangua kicheko.

"We Dermot, umegusa programu yangu!" Filomena alifoka.

"Sijagusa! Hata kuisoma sijaisoma."

"Mwongo! Nikiutoa mti wako, nyumba inatoka vizuri. Tazama!"

Akautoa, na kweli paa likakaa sawasawa. Dermot alienda kuketi dirishani, machozi yakimlengalenga. Filomena naye roho ilimuuma, maana walikuwa marafiki tangu chekechea.

Mwalimu Abramowitz akavuta kiti. "Rudisha mti, Filo. Kuta zako zina urefu gani?"

"Mia. Nimesema UREFU ni mia, na paa linatumia hiyohiyo."

"Haya. Kobe akimaliza mti, iulize mashine UREFU ni ngapi."

Akauliza. Skrini ikajibu: 20.

"Ishirini ni ya shina langu!" Dermot aliita kutoka dirishani. "Na mimi nimeiita UREFU. Lakini hiyo ni yangu tu, si iko ndani ya MTI?"

"Ndivyo ulivyodhani," mwalimu alisema. "Ziko lugha za ukoo wa Lisp ambazo jina hubaki kwenye programu lilimoandikwa. Logo yetu sivyo. NYUMBA imeiita MTI ije ichore, na MTI haikuambiwa kwamba UREFU ni yake yenyewe, basi imechukua ya aliyeiita na kuigeuza ishirini. Umemwita mtu jikoni akusaidie, kaja bila sufuria. Kamwaga mchuzi wako, kapika wake humohumo."

"Kwa hiyo sijadanganya?"

"Hujadanganya hata kidogo."

Filomena aliona aibu mpaka masikio yakawaka. "Dermot, nisamehe. Nimekuita mwongo mbele ya watu."

"Tena kwa kelele," Dermot alisema, akipangusa pua. "Haya, sogea huko."

Akaongeza mstari mmoja ndani ya MTI, wa kuiambia mashine kwamba UREFU hiyo ni ya MTI peke yake. Kobe akachora kuta, akachora mti, akaezeka paa pana lililofunika nyumba yote. Filomena alishusha pumzi, akacheka peke yake.

Muda si mrefu Bwana Medeiros akaingia, unga wa mikate ungali kwenye koti lake.

"Mti mzuri huo! Umeuchora wewe?"

"Hapana, baba. Ni wa Dermot, rafiki yangu."

Mwalimu Abramowitz akawatazama wote wawili. "Siku nyingine kazi ikiharibika, iulizeni mashine kabla ya kumtuhumu mtu. Leo humu hamkuwa na mwongo hata mmoja, na bado urafiki nusura uvunjike kwa sababu ya paa."