Meno Hukuniuliza

Cherehani ilikuwa imeshapanda mkokoteni. Godoro likafuata, kisha ndoo mbili, kisha furushi la nguo za mtoto. Msukuma mkokoteni akakaza kamba, akahema.

"Cherehani gani hii?" alisema. "Nzito kama kesi ya shamba!"

Hakuna aliyecheka. Akakumbuka nyumba ile imefikwa na nini, akainamisha kichwa.

Aliyekuwa anahama ni fundi cherehani wa mtaa ule. Mgongoni alibeba mtoto wa miezi tisa. Mtoto huyo alikuwa na pacha wake. Mmoja alikuwa mpole, mwingine alicheka hata akiogeshwa, basi majirani wakawaita Kimya na Kicheko. Kicheko alizikwa wiki iliyopita. Na tangu jana asubuhi, tumbo la Kimya nalo lilikuwa limeanza.

"Ni meno yale yale," alisema mama yake. "Nyumba hii ina meno mabaya. Nampeleka kwa dada yangu."

Mumewe alikuwa fundi baiskeli. Alishika gurudumu la mkokoteni kwa mikono yote miwili.

"Kwa dada yako ni safari ya siku nzima, mke wangu. Na jua hili."

"Bora safari kuliko kaburi."

Bibi, mama wa fundi baiskeli, alikuwa amekaa kizingitini. Tangu mazishi alikuwa hali chakula vizuri.

"Mwache aende," alisema. "Mimi sina neno tena."

Hapo ndipo alipofika mhudumu wa afya wa mtaa. Watu walimwita Mama Daftari, maana hakuonekana bila daftari lake kwapani. Alikuwa amekuja kutoa pole.

"Pole sana, Mama Pacha."

"Usiniite Mama Pacha."

"Nisamehe, dada." Akamtazama mtoto mgongoni. Macho yalikuwa yamezama. Akapenyeza mkono ubavuni, akamfinya ngozi ya tumbo taratibu, akaiachia. Ngozi ilichelewa kurudi, dalili ya mwili kuishiwa maji. "Tangu jana ameharisha mara ngapi?"

"Haharishi. Anaota meno."

Mama Daftari akafungua daftari. "Mwezi uliopita nilikuja hapa. Nikakuuliza, kuna mtoto anayeharisha? Ukasema hakuna. Nikaandika sifuri."

"Ndiyo. Uliniuliza kuharisha, nikakujibu kuharisha. Meno hukuniuliza."

Mama Daftari alifunua ukurasa, kisha mwingine. Nyumba kwa nyumba, sifuri. Mtaa mzima ulikuwa sifuri tupu.

"Mtoto wa mtaa huu akiwa na meno," aliuliza polepole, "choo chake kinakuwaje?"

Msukuma mkokoteni ndiye aliyejibu. "Maji matupu, dada. Wangu wawili walikuwa hivyo. Nani asiyejua?"

"Daftari halijui," alisema Mama Daftari.

Bibi akainuka kwa kushika mlango.

"Mimi ndiye niliyemwosha Kicheko," alisema. "Nilipitisha kidole kwenye ufizi. Nilitaka kulijua jino lililomuua mjukuu wangu. Hapakuwa na jino. Ufizi ulikuwa laini kama wa mtoto wa jana. Na mimi ndiye niliyesema asipewe maji. Nilisema ukimpa yatatoka tu."

Mkwewe alimtazama. Kuna maneno yakitoka hayarudi, na bora yasitoke.

"Bibi," alisema Mama Daftari, "hata mama yangu alisema hivyo hivyo. Lakini ndoo inayovuja ukiacha kuijaza, inakauka. Jino halimfanyi mtoto aharishe. Ila wakati wa meno mtoto huokota kila kitu akatia mdomoni, na hunywa maji tunayokunywa sisi. Uchafu huingia hapo. Huyu akienda safari ya siku nzima bila kunywa, hafiki. Zahanati iko nyuma ya shule. Twendeni sasa."

Wakaenda mbio. Msukuma mkokoteni hakuambiwa asimame wala aende, basi akawafuata na mzigo wote. Ndivyo cherehani ilivyofika zahanati.

Kimya alilazwa siku tatu. Mama yake alimpa dawa ya kurudisha maji mwilini, ile pakiti inayochanganywa na lita moja ya maji safi. Kijiko kimoja, anasubiri, kijiko kingine. Akitapika, anangoja dakika kumi, anaanza tena. Alimpa vidonge vya zinki pia, na hakuacha kumnyonyesha. Siku ya pili mtoto alilia machozi. Mama Daftari alifurahi.

"Mwenye machozi ana maji," alisema.

"Kicheko alilia bila machozi siku mbili," alijibu mama yake. "Nikadhani amezoea maumivu."

Mama Daftari alikaa naye benchini.

Baadaye mama akauliza, "Mlikuwa mnaandika ili iweje?"

"Ili kupanga. Zahanati, shule, idara ya maji na viongozi wa mitaa tunakaa pamoja. Tunaangalia wagonjwa wako wapi. Bomba jipya linaenda huko. Mtaa wenu ulikuwa na sifuri. Tulisema, hao ni wazima, wasubiri."

"Mlipanga na daftari. Sisi hamkupanga nasi."

"Ni kweli. Nilileta swali langu kwa maneno yangu. Kosa ni la swali."

Mama aliitazama cherehani yake kwenye kona ya ukumbi. Akaomba shuka kuukuu. Kwa uzi mwekundu akashona mtaa wake juu ya shuka: barabara, mtaro, bomba, nyumba moja moja. Kisha akampa Mama Daftari kopo la vifungo.

"Pita tena nyumba kwa nyumba. Uliza meno. Kila mtoto aliyekuwa na meno ya maji mwaka huu, kifungo kimoja. Aliyefariki, kifungo cheusi."

Siku ya mkutano shuka lilitundikwa ukutani. Walikuwepo mwalimu mkuu, bwana wa idara ya maji, kiongozi wa mtaa, na akina mama ambao walikuwa hawajawahi kuitwa mkutanoni. Vifungo vilikuwa thelathini na moja. Vyeusi vilikuwa vitatu. Karibu vyote vilijazana upande mmoja, chini ya kona ya mtaro.

Bwana wa maji akasogea. "Kona hii kuna nini?"

Fundi baiskeli akasimama.

"Bomba linapita mtaroni hapo, likapasuka. Nikalifunga kwa mpira wa ndani wa baiskeli. Mlinisifu. Mlisema mtaa una fundi."

"Tulikusifu sote," alisema kiongozi wa mtaa. "Ndiyo maana hakuna aliyetoa taarifa."

Bwana wa maji alieleza bila ukali. Maji yakitoka kwa nguvu, mpira unazuia. Maji yakikatika, bomba linabaki tupu, nalo linanyonya maji ya mtaro kupitia ule mpasuko. Yakirudi, yanaleta uchafu huo hadi kwenye ndoo. Na maji huonekana meupe tu.

Fundi baiskeli alikaa. Aliitazama mikono yake mpaka mkutano ukaisha.

Siku ile mpango uliandikwa upya. Idara ya maji itabadilisha bomba kabla ya mwezi kuisha, na kiongozi wa mtaa ndiye atakayewafuatilia. Mpaka hapo kila nyumba itachemsha maji ya kunywa. Shule itaweka ndoo yenye koki na sabuni karibu na vyoo. Zahanati itamwachia mama mmoja wa kila upande wa mtaa pakiti za dawa. Mama Daftari atauliza kwa maneno ya mtaa, na kila mwezi watarudi mbele ya shuka. Nyumba ikikaa miezi mitatu bila ugonjwa, vifungo vyake vinatolewa.

Bomba lilichelewa wiki sita. Kiongozi wa mtaa alikwenda kwenye ofisi ya maji mara tisa, mara ya tisa akiwa na akina mama kumi na wanne. Likawekwa.

Mwaka uliofuata vilibaki vifungo vinne, vitatu kati yake vile vyeusi. Bwana wa maji alihamishwa, na aliyempokea alionyeshwa shuka siku yake ya kwanza kazini. Mama Daftari bado anazunguka, magoti yanamsumbua. Msukuma mkokoteni alipata mtoto wa tatu, akampeleka zahanati siku ile ile tumbo lilipoanza. Fundi baiskeli aliacha kuziba mabomba ya watu. Hukagua bomba la mtaro kila Jumamosi, peke yake, na akiona tone hutoa taarifa. Bibi alifariki kwa uzee. Kabla hajafa alizoea kuwaambia wanawake wenye watoto wachanga: mpe maji ya dawa, mimi nilikosea.

Fundi cherehani alirudi nyumbani kwake na mkokoteni ule ule. Leo Kimya anasoma chekechea na ana meno yake yote. Vifungo vyeusi havijatolewa. Mama yake alivishona kwa uzi maradufu.