Sema Utarudi Lini

Jioni ile, kama ilivyo kawaida huko Ohio majira ya joto, Virgil Hoskins alikuwa nje anakata majani kwa mashine. Kompyuta aliiacha wazi juu ya meza ya jikoni, somo likijisemea lenyewe. Mkewe, Nadine, alikuwa anaosha vyombo. Basi yeye ndiye aliyelisikiliza.

Lilikuwa somo la kudhibiti hasira. Virgil alikuwa amemtukana mwamuzi kwenye besiboli ya wasichana, wasimamizi wakamfukuza uwanjani. Wakamwambia: maliza darasa la mtandaoni, lete cheti, ndipo urudi. Binti yake, Josie, ndiye mrusha mpira wa timu, na alikwisha sema lake: "Mama, baba akija kupiga kelele tena, naacha kucheza."

Virgil aliingia akijifuta jasho, akabonyezabonyeza majibu, akapata cheti.

"Umeona? Nimefaulu."

"Umefaulu nini wewe, na aliyesoma ni mimi?"

"La maana nimelishika. Ukikasirika, ondoka."

Na kweli akaanza kuondoka. Viazi vikizidi chumvi, huyo, kapanda gari kaenda. Nadine akiuliza habari ya bomba linalovuja, huyo, kaenda. Haagi, wala hasemi atarudi lini. Akirudi anapiga mluzi, na bomba linavuja vilevile. Nadine alichoka, tena alichoka kwelikweli. Afadhali zile kelele, alijiambia, angalau mtu alikuwepo.

Jumamosi akamwita jirani yao, Gwen, mshauri anayefundisha watu kutuliza hasira, wakaketi jikoni pamoja na Virgil.

"Gwen, niambie ukweli. Haya madarasa ya mtandaoni yanafaa, au wanatuuzia vyeti tu?"

"Yanaweza kumfaa anayejifunza na kufanya mazoezi. Anayebonyeza tu hupata karatasi. Dawa ukiiacha kabatini itakuponyaje? Haya Virgil, ukikasirika unafanyaje?"

"Naondoka. Ndivyo walivyofundisha."

"Unamwambia Nadine utarudi lini?"

Virgil akajikuna kichwa. "Hiyo haikuwepo."

"Ilikuwepo," alisema Nadine. "Wewe ulikuwa unakata majani."

Gwen akacheka, kisha akaeleza. "Ondoka mapema, kabla hujafoka. Sema unakwenda wapi na utarudi lini. Huko nje usikae kujichochea. Tembea, pumua polepole. Halafu rudi, mmalize mazungumzo. Usiporudi kwenye jambo lenyewe, umekimbia tu. Na hasira ikifika kwenye vitisho au kupiga, kompyuta haitoshi. Hapo anayetishwa atafute usalama kwanza, na mwenye hasira aende kwa mshauri ana kwa ana."

Virgil alinung'unika kwamba hayo ni mambo ya chekechea. Hata hivyo jioni akalianza darasa upya, na Nadine akaketi kando yake. Hakumwamini hata kidogo.

Kesho yake wakafikia tena habari ya bomba. Shingo ya Virgil ikawa nyekundu. "Nadine, nimeanza kuchemka. Nazunguka mtaa, narudi kahawa haijapoa."

Akarudi. Kahawa ilikuwa bado ya moto. Wakazungumza, na bomba likatengenezwa.

Ikaja siku ya mchezo. Josie alirusha mpira mzuri, mwamuzi akaukataa. Virgil akasimama. Wazazi wote wakageuka. Kule uwanjani Josie akainamisha kichwa, na Nadine akafumba macho kwa uchovu, akisema moyoni, haya tena.

"Nadine," alisema Virgil, "nakwenda kwenye gari. Narudi zamu hii ikiisha."

Akaenda. Josie alipoinua kichwa aliona kiti kitupu. Akamtazama mama yake. Nadine akamwashiria kwa mkono: anarudi. Josie akavuta pumzi, akarusha, na mpigaji akapiga hewa tupu, zamu ikaisha. Watu wakashangilia. Kelele hazijatulia, Virgil akaja na mfuko wa bisi, akaketi.

Baada ya mchezo Josie aliwafuata pale walipoketi.

"Baba, umekosa mpira wangu mzuri kuliko yote."

"Nimeukosa," alisema Virgil, na kwa kweli ilimuuma.

"Lakini ulirudi," alisema Josie, akampa glavu yake ambebee.