Kufuli Ndani ya Nepi

Kila siku ya kliniki, Chapchap aliamka kabla hajaitwa. Aliosha vyombo, akafagia chumba, kisha akambeba mdogo wake mgongoni na kumfunga kwa kanga. Mama yao alikuwa ameshatangulia kwa dobi, ambako alipiga pasi nguo za watu mpaka jioni. Mdogo mwenyewe majirani walimwita Bonge. Ulikuwa utani tu, maana mtoto alikuwa amekonda mpaka mbavu zinahesabika. Chapchap alicheka nao, lakini utani ule ulimkera.

Pale zahanati palikuwa na benchi refu, na mizani iliyoning'inizwa kwenye boriti. Mtoto alivalishwa kaptura ya turubai, akaning'inizwa, mshale ukazunguka. Nesi aliusoma uzito kwa sauti kubwa. Mtoto akiongezeka, mama yake alipongezwa. Asipoongezeka, Nesi alifoka mbele ya watu wote.

"Unamlisha nini huyu? Maji? Mnaniharibia kazi nyie!"

Chapchap alifokewa hivyo mara ya kwanza tu, na jioni mama yake aliposimuliwa alilia. Mwezi uliofuata, wakati Chapchap anafunga mlango, jirani yao fundi cherehani akamwita.

"We mtoto, mbona unajitakia maneno? Wenzako wote tunaweka kitu kidogo. Wangu namfungia jiwe kiunoni."

"Nesi akiona, shangazi?"

"Ataona saa ngapi, na foleni yote ile?"

Chapchap hakuwa na jiwe. Alikuwa na kufuli mkononi. Akalisokomeza ndani ya nepi ya Bonge, akaurudishia mlango tu. Hakuna aliyeingia kuiba, kwa kuwa hapakuwa na cha kuiba.

Mshale ulipanda. "Safi sana!" Nesi alisema. "Mwambie mama yako hongera." Chapchap alirudi nyumbani mbio. Mama alipopata habari alicheka kwa sauti, na hakuwa amecheka tangu baba alipoondoka. Kuanzia hapo, kufuli likawa linakwenda kliniki kila mwezi. Bonge naye akaacha kutambaa, akawa analala tu begani kwa dada yake.

Asubuhi moja walimkuta mgeni ameketi kando ya Nesi. Alikuwa afisa wa serikali, na kazi yake ilikuwa kupima huduma: zahanati imepewa nini, imefanya nini, na watu wamepata nafuu gani.

"Hongereni," aliwaambia akina mama. "Hapa watoto wote wana uzito wa kutosha. Unga wa lishe ulikuwa mchache, kwa hiyo tumeupeleka kwenye zahanati zenye watoto waliokonda. Malori yameondoka jana."

Fundi cherehani akauliza kwa sauti ndogo, "Mwingine utakuja lini, bwana?"

"Mwakani."

Nesi aliponyoosha mikono kumpokea Bonge, Chapchap alirudi nyuma. Akatia mkono kwenye nepi, akatoa kufuli, akaliweka mezani mbele ya afisa.

"Hii nini?" afisa aliuliza.

"Kufuli la kwetu. Nilimwekea ili mama asisemwe."

Bonge alining'inizwa. Mshale ulisimama chini kuliko siku ile ya kwanza Chapchap alipofokewa. Fundi cherehani akainamisha kichwa, akafungua kitambaa kiunoni kwa mwanawe, akaweka jiwe mezani. Mwingine akafuata, kisha mwingine. Afisa aliyatazama mawe, akashika kichwa.

"Jamani, mmejimaliza wenyewe! Nitaandika upya yote. Lakini unga umeshakwenda, siwezi kuurudisha." Kisha akamtazama Bonge vizuri. "Huyu apelekwe hospitali sasa hivi."

Hospitalini, ambako mama aliitwa kutoka kwa dobi, Bonge alinyweshwa maziwa kwa kijiko. Alimeza kidogo, mengine yakatoka. Daktari hakuahidi kitu. "Tutajaribu," alimwambia mama, akaenda kitanda cha pili.

Jioni Nesi alikuja. Alisimama karibu na kitanda, hajui aweke wapi mikono.

"Nilijua," alisema. "Kila mwezi nilimbeba huyu mtoto, nikahisi alivyo mwepesi. Nikakaa kimya, kwa sababu ripoti yangu ilikuwa inapendeza."

Mama aliendelea kukoroga maziwa.

"Mimi nilidhani ni kama mtihani," Chapchap alisema. "Nilitaka afaulu."

"Mimi ndiye niliyekufanya uone hivyo," Nesi alisema. "Mizani haitoi maksi, mwanangu. Kazi yake ni kumwambia mwenye chakula nani ana njaa. Ukiidanganya, wakubwa wanapongezana na mtoto analala na njaa. Sema kweli, hata kama utafokewa."

"Si nimeshasema? Basi unga utarudi?"

Nesi alitazama sakafu. "Mwakani," alisema.

Muuguzi wa wodi akaja na mizani yake. Mama alimvua Bonge kofia na shati. Chapchap akamfungua hata uzi uliokuwa mkononi. Mshale ulisogea kidogo tu, ukasimama. Hakuna mtu mzima aliyesema neno, basi Chapchap akausoma uzito kwa sauti, vilevile ulivyokuwa.