Siku ya Kumtembeza Mjumbe

Zama zile za merikebu za makasia, Marsa Zaituni, mji wa fahari katika pwani ya kaskazini ya Afrika, kando ya Bahari ya Kati, ulizingirwa miezi mitano. Watu walifikia kuchemsha ngozi za viatu. Alfajiri ambayo mjumbe wa adui alitazamiwa, Rihana, binti pekee wa Tamimu bin Ghazwani, alikata roho kwa njaa.

Tamimu alikuwa mtembeza wageni wa liwali, na desturi ya mji ilikuwa kwamba mjumbe haketi kuzungumza kabla hajaonyeshwa fahari za mji huo. Liwali alitaka kuutoa mji kwa sharti watu watoke salama; lakini mjumbe akiinusa njaa, adui angengoja siku chache tu, aingie, na atakayekutwa hai auzwe utumwani.

“Mke wangu, asilie mtu,” alimwambia Lubaba. “Kilio kikisikika njiani, tumekwisha.”

“Hata mimi niliyemzaa?”

“Hata wewe.” Alilisema, akajichukia.

Mjumbe Gualtero alikuwa mtu mzima, mpole wa maneno, ila macho yake hayakutulia. Alionyeshwa mnyororo wa kufungia bandari, kisha mnara wa taa, kisha soko lenye magunia ya mchanga yaliyotandazwa ngano juu juu. Hamamuni, kuni zikiwa ni milango ya nyumba za watu, aliwakuta waogeshaji wamevaa majoho mazito.

“Mnaogesha wageni mkiwa mmejigubika hivi?”

“Bwana mkubwa, mbele ya mjumbe hatuvui nguo. Ndiyo heshima yetu,” alijibu Tamimu, roho mkononi. Chini ya majoho yale mbavu zilihesabika.

Njia ya kwenda kwa liwali ilikuwa moja tu. Gualtero akasimama penye baraza ya marumaru.

“Nyumba nzuri. Ya nani?”

“Yangu, bwana.”

“Mbona kimya hivi?”

“Mwanangu amelala.”

“Basi tusimwamshe,” alisema mjumbe, akapita akinyata.

Alasiri muhuri ukagongwa: adui atwae mji, watu watoke na roho zao. Tamimu akakimbia nyumbani. Lubaba alikuwa ameing’ata shela yake hata ikachanika.

“Sasa lia, mke wangu.”

Lubaba alimtazama tu, wala hakulia.

Kesho yake, baada ya maziko, walitoka watu elfu tatu, wote hai. Lubaba aliishi uhamishoni miaka kumi na tisa, asimsemeshe mumewe hata neno moja.