Alizama Naye

Ukitaka kumjua mtu tabia, mpeleke soko la mitumba la Ukunda asubuhi marobota yanapofunguliwa. Hapo waungwana hugeuka kunguru. Kahaso Nzai, katika dera lake la zambarau na kilemba kilichoanza kulegea kwa jasho, alikuwa ameinama juu ya rundo la nguo za kuogelea akiwachagulia wanafunzi wake, mara mkono ukaangukia miwani ya kuogelea, nzima, kioo hakina mkwaruzo. Akaivuta. Miwani nayo ikamvuta yeye.

Upande wa pili alikuwa ameishika kaka mmoja mrefu, mweusi wa kung'aa, fulana nyeupe imembana mabega.

"Samahani kaka, hiyo nimeishika mimi."

"Zi, madam. Mimi nimeishika kitambo. Wewe umeshika mpira wa nyuma tu."

"Na bila mpira utaivaa vipi? Utaing'ata kwa meno?"

Muuzaji alicheka mpaka akakaa chini. Yule kaka naye akacheka, lakini hakuachia.

"Kwani wewe unaogelea wapi?" aliuliza.

"Nafundisha. Klabu ya kuogelea ya Diani, ile ya kwenye bwawa la hoteli."

Ndipo akaachia. "Basi chukua. Mimi ndiye kocha mpya wa hiyo klabu. Naitwa Jacktone."

"Kumbe wewe ndiye mtu wa ziwani tuliyeambiwa!" Kahaso alimpima kwa macho toka utosini mpaka kwenye kandambili. "Karibu pwani. Miwani utaiona usoni kwangu kila siku, usijali."

Hivyo ndivyo balaa lilivyobisha hodi, kwa kicheko. Laiti lingebisha kwa kilio, Kahaso angefunga mlango.

Klabu ilikuwa na makocha hao wawili tu, na usingeweza kupata wawili waliofika kwenye bwawa moja kwa njia zilizoachana zaidi. Kahaso alijulia kuogelea Kibuyuni kabla hajajua kusoma, akimfuata mamake, Kadzo, kwenye shamba la mwani. Baadaye akawa mlinzi wa bwawa hotelini, akawatoa majini watalii walioshiba kupita kiasi, mwisho akaenda Mombasa kusomea ukocha. Jacktone alizaliwa kando ya ziwa, akaogelea katika timu ya chuo, akafundisha shule za bara. Kahaso alifundisha pumzi na utulivu. Jacktone alifundisha mikono, miguu na kasi, saa ya kupimia ikining'inia shingoni hata akila.

"Maji yenu ya ziwa hayana chumvi," Kahaso alimchokoza. "Kama mchuzi wa hospitali."

"Na yenu je? Mtu anakufa kwa kiu huku amezungukwa na maji. Ndiyo ukarimu wa pwani huo?"

"Nenda zako, Ziwa."

"Siendi popote, Mwani wangu. Mwani ukishamnasa mtu mguu, ndiyo basi."

Wakapendana. Watoto walijua kabla yao, wakawa wanakohoa kwa pamoja kila makocha wakisimama karibu karibu.

Sasa lipo neno moja ambalo ndilo lililoleta yote haya. Jumapili moja Kahaso alikuwa kwao Kibuyuni, Jacktone akampigia simu.

"Mwani wangu, uko wapi? Nimekumiss mpaka chai hainogi."

"Niko nyumbani, ufuoni. Nilitaka umsalimie mama, lakini amezama."

"Amezama?" Sauti ya Jacktone ilipasuka. "Kahaso! Amezama wapi? Uko na nani hapo? Usiingie peke yako! Ita watu, tafuta kamba, Kahaso, unanisikia?"

"Jamani, Jacktone! Kamba ya mwani imekatika, amezama kuitafuta. Huyo kaibuka, anapenga kamasi."

Kahaso alicheka peke yake. Upande wa pili alisikia mtu anahema, kisha akasikia kwikwi. Jacktone alikuwa analia.

Kesho yake, watoto walipokwisha kwenda, Kahaso alimkalisha kwenye kibaraza cha vyumba vya kubadilishia nguo.

"Kwetu mtu akienda chini ya maji kwa kupenda mwenyewe, amezama," alimweleza. "Wanaotafuta pweza wanakwenda kuzama. Sisi watoto tulikuwa tukizama tangu asubuhi. Ni kupiga mbizi tu, mpenzi."

"Kwetu mtu akizama hatuulizi ataibuka saa ngapi. Tunauliza mazishi ni lini."

"Lakini jana ulilia. Mama hujawahi hata kumwona. Ulikuwa unamlilia nani?"

Jacktone aliivua saa shingoni, akaiweka chini, akamwambia. Katika shule moja huko bara alikofundisha, mwanafunzi mdogo aitwaye Mercy aliingia bwawani siku isiyokuwa na somo. Jacktone alikuwa getini anaondoka aliposikia mayowe. Akakimbia, akajitupa na viatu. Maji yalikuwa yamegeuka kijani, hayajabadilishwa, mkono wako mwenyewe huuoni. Alimtafuta kwa kupapasa. Alipompata na kumpandisha juu, Mercy alikuwa amekwisha. Walimu walikuwa wamesimama ukingoni wamekauka, na polisi walipofika, aliyelowa ndiye aliyeulizwa. Wakamshika, wakamwachia baadaye, lakini hakuna aliyezunguka kuwaambia watu kwamba ameachiwa.

"Nimekwambia wewe tu," alisema. "Watu wakiuliza nimetoka wapi, sema ziwani, kisha chuo. Hapo katikati paruke."

"Nitaparuka."

"Na hilo neno lenu, mbele ya wazazi wetu wa bara, tafadhali, lizamishe hukohuko Kibuyuni."

Walicheka, machozi yakiwa bado mashavuni. Siku hiyo hiyo wakakubaliana: baada ya mashindano ya Mombasa, Jacktone atakuja Kibuyuni na ami yake kuposa. Kadzo alipoambiwa, alianza kusuka ukili wa mkeka mpya.

Kabla ya mashindano, Bi Monicah, mwenyekiti wa klabu, aliwaita wazazi ukumbini. Walitaka kujua wanamkabidhi nani watoto wao: makocha wametoka wapi, wameogelea wapi, wameona nini. Jacktone hakuwapo. Binti mmoja, Linet, alikuwa ameteleza ukingoni akapasuka kidevu, na Jacktone alimbeba mbiombio kumpeleka hospitali ya Msambweni.

"Wewe Kahaso tunakujua," alisema Bwana Enos, mzazi wa bara, mwenye shati la kitenge na tabasamu la mtu asiyeamini kitu. "Huyu mwenzako je? Vyeti tumeviona. Lakini kuna kipindi hapa katikati hakina maelezo. Alikuwa wapi?"

"Bara, anafundisha."

"Sawa. Tuseme mtoto wangu anaishiwa nguvu katikati ya bwawa. Huyu ataingia kweli, ama atabaki pale nje akipiga filimbi, asije akalowesha ile saa yake?"

Watu wakacheka. Kicheko hicho ndicho kilichomponza Kahaso. Wahenga walisema heri kujikwaa dole kuliko kujikwaa ulimi, lakini nani hukumbuka methali mpenzi wake anapochekwa?

"Bwana Enos, usimcheke mwenzio," alisema, akasimama. "Huyo unayemcheka alizama na mtoto wa watu mpaka chini kabisa, kwenye maji huoni hata mkono wako, na watu wazima wamesimama wanapiga mayowe!"

Kicheko kikakatika.

"Alizama na mtoto?" mama mmoja aliuliza polepole.

"Alizama naye, ndiyo. Hakumwachilia."

"Na mtoto yuko wapi sasa?"

Hapo ndipo Kahaso aliposikia alichokisema. Laiti angesema alimzamia, au alimpigia mbizi, au angenyamaza kama alivyoombwa. Aliwatazama, wote wanamtazama.

"Alifariki," alisema.

Jacktone aliporudi kutoka Msambweni, simu za wazazi zilikuwa zimekwisha kufanya kazi yake. Mmoja alikuwa na jamaa huko bara, na jamaa alikuwa na picha ya Jacktone akitolewa shuleni na polisi, nguo zimemganda mwilini. Jacktone aliingia getini amembeba Linet aliyeshonwa kidevu, anampigia hadithi ya samaki mwenye ndevu, Linet anajitahidi asicheke maana kucheka kunauma. Jemima, mamake Linet, alimkimbilia akamnyakua mtoto mikononi mwake. Hakusema asante. Alirudi nyuma, hatua kwa hatua, kama mtu anayeondoka mbele ya mbwa asiyemjua.

Jacktone alitazama uso mmoja baada ya mwingine mpaka akafika kwa Kahaso. Hakuhitaji kuuliza.

"Nilikuwa nakusifu," Kahaso alisema walipobaki wawili. "Wallahi nilikuwa nakusifu, Ziwa wangu. Walikucheka, roho ikaniuma."

"Najua."

"Ni lile neno. Wamelisikia kwa masikio yao, si kwa yangu."

"Hilo nalo najua. Lakini Kahaso, hata ungelisema vizuri, mimi nilikuomba uparuke."

Hakupandisha sauti. Angegomba, Kahaso angepata pa kushika. Alichukua begi lake akatoka, na kuanzia saa ile simu yake ikawa haipatikani.

Kahaso alimwendea Bi Monicah.

"Bi Monicah, kwetu kuzama ni kupiga mbizi. Nilisema alipiga mbizi kumfuata mtoto."

"Kwa hivyo mtoto hakufa?"

"Alikufa."

"Sasa unanieleza nini, Kahaso?" Bi Monicah hakuwa mtu mbaya, na ndiyo maana iliuma zaidi. "Mimi nakuamini, dada. Lakini siwezi kwenda kwa kila mzazi na kamusi mkononi. Klabu itafungwa."

Alikwenda kwa Bwana Enos, akaenda kwa Jemima, akaeleza mpaka neno lenyewe likachacha mdomoni. Kila alipoeleza, alimtaja tena mtoto aliyekufa, na kila alipomtaja, Jacktone alizidi kwenda chini. Mwisho akaacha.

Jumapili ya posa Kadzo aliutandika ule mkeka mpya barazani, kwa kuwa hakuna aliyekuwa na moyo wa kumwambia.

"Wageni wako wapi, mwanangu?"

"Hawaji, mama."

"Wamechelewa au hawaji?"

"Hawaji. Nimewafukuza kwa mdomo wangu."

 Kadzo aliukunja mkeka, akaupandisha darini. Kahaso alilia siku ile mpaka sauti ikakauka, na kilichomliza zaidi ni kwamba hakuwa na wa kumlaumu.

Mvua zilikuja zikapita. Kisha siku moja simu ikalia, namba ngeni.

"Mwani." Sauti ilikuwa ileile, imechoka. "Niko Lunga Lunga. Ukitaka kuja, njoo."

Alivaa gauni lake la maua ya njano, lile ambalo Jacktone alilipenda, akaitia ile miwani mkobani, akachukua boda boda mpaka mpakani. Vumbi lilimwingia mpaka masikioni. Alimkuta kwenye foleni ya malori, ana karatasi za forodha kwapani, amekonda, fulana imemning'inia. Shingoni hakuna saa. Walikaa kwenye kibanda cha chai.

"Unafanya nini hapa, Jacktone? Pakavu hivi?"

"Ndiyo sababu. Hapa maji yanaletwa kwa mtungi. Hakuna yanayomfika mtu magotini."

"Nisamehe."

"Nilikusamehe zamani. Ningekuwa bado na hasira ningekupigia? Kwa hasira ningetukana, nikapoa, nikarudi."

"Basi rudi." Kahaso aliitoa miwani, akaiweka mezani kati ya vikombe. "Wazazi wamepoa. Bi Monicah yuko tayari kukusikiliza. Mama bado ana ule mkeka. Ukitaka tusifundishe tena, tutalima mwani. Nioe tu, Ziwa wangu, mengine Mungu anajua."

Jacktone aliishika miwani, akaifuta vumbi kwa kidole. 

"Nakupenda," alisema. "Lakini nikilala nampapasa yule mtoto kwenye maji ya kijani. Kabla yako nilikuwa nampata, nampandisha, naamka. Tangu siku ile ya ukumbini simpati tena. Hukukosea neno, Kahaso. Nilizama naye. Ila nyote mlidhani mimi niliibuka."

"Basi nikuzamie mimi. Mimi ni mtu wa Kibuyuni, pumzi ninayo."

Alitabasamu, na ndilo tabasamu lake la mwisho alilolibeba Kahaso. "Utanipata. Halafu tutakuwa wawili huko chini. Nenda nyumbani, Mwani wangu."

Akamrudishia miwani. Lori likapiga honi, dereva akaita jina lake, naye akaenda na karatasi zake. Kahaso alimaliza chai yake na ya Jacktone, kwa sababu hakujua afanye nini kingine.

Jumamosi iliyofuata alikuwa bwawani, klabu ikiendelea na kocha mmoja. Alikuwa amegeuka kufunga kamba za njia za kuogelea, bado ana dera lake, aliposikia Menza, mtoto wa Msambweni, akiita kwa furaha:

"Mwalimu, njoo uone! Linet amezama!"

Kahaso hakujijua. Alijitupa majini na dera, na kilemba, na simu mfukoni. Aliogelea akipapasa kama kipofu, katika maji safi ambayo chini yake kila kigae kilionekana. Mkono ukagusa mkono. Akaukamata, akasukuma juu kwa nguvu zake zote.

Linet alichomoza anacheka, ameshika kijiti alichokifuata chini, kovu dogo kidevuni. Watoto wote walipiga makofi.

"Si nilikwambia amezama tu, mwalimu?" Menza alishangaa. "Kwani umesahau Kiswahili?"

Watoto waliangua kicheko. Kahaso alibaki amesimama majini, dera limemganda mwilini, mkono wa Linet bado mkononi mwake, na Linet akamwambia, "Mwalimu, niachie, unaniumiza." Hakuweza kumwachia.